Je, ninaweza kufupisha kitambulisho cha kiolesura ili /64 moja itoshe mitandao minne?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha katika chuo cha ufundi hapa Tabora, na ni mimi pia ninayeutunza mtandao wa chuo. Tuna sehemu nne ambazo nimezitenganisha kwa VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya vifaa vile vile: maabara yenye kompyuta 40, ofisi za utawala, bweni la wanafunzi, na waifai ya wageni iliyo karibu na ukumbi. Mtoa huduma wetu ametuwashia IPv6, mfumo wa anwani za mtandao zenye biti 128, hivi karibuni na kutupa kiambishi awali kimoja cha /64, yaani biti 64 za mwanzo za anwani, ambacho hapa nitakiandika kama 2001:db8:40:7::/64, kwa kutumia anwani zilizotengwa kwa ajili ya mifano.

Kwa kuwa nina mitandao minne na kiambishi kimoja, niliona njia iliyo wazi ni kukigawa, kama tulivyozoea kuigawa mitandao ya IPv4 tangu tulipokuwa wanafunzi. Nilichukua biti mbili kutoka upande wa kitambulisho cha kiolesura, yaani ile nusu ya pili ya anwani ambayo kila kifaa hujitungia chenyewe, nikapata /66 nne: ya kwanza inaanza na 2001:db8:40:7:0000, ya pili na 2001:db8:40:7:4000, ya tatu na 8000, na ya nne na c000. Ruta ilikubali bila pingamizi lolote, ikaanza kutangaza kila kiambishi kwenye VLAN yake pamoja na alama A, ambayo huviruhusu vifaa kujipangia anwani.

Vifaa havikujipangia chochote. Niliketi mbele ya kompyuta ya kwanza ya maabara, inayotumia Linux, nikanasa pakiti zinazopita kwenye kadi yake. Tangazo la ruta linafika, kiambishi kinaonekana, urefu ni 66, alama A ipo. Katika jedwali la njia, mstari wa /66 umeingia, na njia kuu ya kutokea kupitia ruta imeingia pia. Hata hivyo, anwani pekee iliyopo ni ile ya ndani ya waya inayoanza na fe80. Nikiiandikia mashine hiyo anwani kwa mkono, inayoishia na ::10, inafika hadi nje bila shida. Simu za wanafunzi bwenini ziko katika hali hiyo hiyo, nazo sina namna ya kuziandikia anwani moja moja.

Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, ni wapi ninapoweza kuvieleza vifaa kwamba kitambulisho chao sasa kina biti 62 badala ya 64? Pili, ikiwa urefu huo unachagulika, ni urefu upi unaofaa? Mimi nilikuwa ninauelekea wa biti 48, kwa sababu anwani ya MAC, ile ambayo kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani, ina biti 48, hivyo kiambishi kingekuwa /80 na ningepata mitandao 65,536 ndani ya /64 yangu hiyo hiyo.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Mwalimu, salaam kutoka mwisho wa reli. Ninakushukuru kwa kunasa pakiti kabla ya kuuliza, kwa sababu kila unachokihitaji kimo katika hayo uliyoyaona.

Kompyuta yako inafanya kile inachotakiwa kufanya. Kanuni ya vifaa kujipangia anwani, RFC 4862 ya mwaka 2007 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), inakiagiza kifaa kijumlishe urefu wa kiambishi kilichotangazwa na urefu wa kitambulisho chake cha kiolesura, na jumla hiyo isipokuwa 128 kamili, kipuuze kiambishi hicho wala kisitunge anwani. Kwako 66 na 64 ni 130, kwa hiyo kifaa kinanyamaza. Ule mstari wa /66 uliouona katika jedwali la njia umeletwa na alama nyingine, L, ambayo maana yake ni kwamba anwani za kiambishi hicho zinapatikana kwenye waya huo huo, na alama hiyo haifungwi na 64. Ndiyo maana anwani uliyoiandika kwa mkono ilifanya kazi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba RFC 4862 yenyewe haiitaji 64 kuwa ndiyo urefu. Inasema urefu wa kitambulisho utawekwa na waraka unaohusu aina ya kiungo kinachotumika. Kwa Ethaneti waraka huo ni RFC 2464 wa Desemba 1998, nao unasema waziwazi kwamba kiambishi cha kujipangia anwani lazima kiwe na biti 64, na waifai hufuata njia hiyo hiyo. Kisha RFC 4291 ya mwaka 2006, inayoeleza muundo mzima wa anwani, ikakaza kwamba kitambulisho cha kiolesura kiwe na biti 64 katika kila anwani ya mpokeaji mmoja, isipokuwa zile zinazoanza na biti tatu za sifuri. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba mahali hapo hapapo. Hata ukiibadilisha kerneli ya Linux kwenye mashine zote 40 za maabara, simu ya mwanafunzi anayetoka Kaliua au Urambo haitayajua makubaliano yako na mashine zako. Urefu huu una faida pale tu unapojulikana na pande zote kabla hazijakutana.

Kuhusu biti 48, fikra yako ina historia nzuri. RFC 1972 ya Agosti 1996, iliyotangulia RFC 2464, ilikuwa hivyo hasa: kitambulisho kilikuwa ile MAC yenyewe ya biti 48, na kiambishi kilikuwa /80. Mpango huo uliachwa mwaka 1998, wakati ambapo IEEE, shirika la viwango vya vifaa vya mtandao, ilikuwa na vitambulisho vipya vya vifaa vyenye biti 64, vilivyotumika kwa mfano katika FireWire, na ikaonekana vyema urefu uwe mmoja kwa viungo vyote. MAC ya biti 48 ikapanuliwa kwa kupachikwa fffe katikati na kugeuzwa biti ya saba. Kadi yenye MAC 00:1b:44:11:3a:b7 hupata kitambulisho 021b:44ff:fe11:3ab7. Ukitazama anwani ya zamani ya IPv6 ukaiona ff:fe katikati, hapo ndipo ilipotoka.

Dawa yako, Mwalimu, iko kwa mtoa huduma. Mwandikie aongeze nafasi upande wa kushoto wa anwani, wewe usipunguze upande wa kulia. Akikupa /56 utakuwa na mitandao 256 ya /64, na akikupa /48 utakuwa na 65,536, idadi ile ile uliyoitafuta kwa kutumia /80. RFC 6177 ya Machi 2011 inasema katika hali nyingi eneo la mteja linastahili kupata zaidi ya /64 moja, na kwa chuo chenye VLAN nne ombi hilo linajieleza lenyewe. Usione haya kuomba. Mtoa huduma anayechukua anwani kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, huanza na /32, na ndani ya /32 moja kuna /56 zipatazo 16,777,216.

Msimamizi wa Seva (Tabora)

Ninakubaliana na Fundi kuhusu simu, ila nisingependa Mwalimu aondoke hapa akiamini kwamba kiambishi kisichokuwa /64 ni haramu kila mahali. Kinachofungwa na 64 ni kule kujipangia anwani. Kiungo cha ruta kwa ruta, ambako anwani huandikwa kwa mkono, huwekewa /127, na RFC 6164 ya Aprili 2011 imeliruhusu jambo hilo kwa sababu nzuri: kwenye kiungo cha ruta mbili kilichopewa /64, pakiti inayotumwa kwa anwani isiyo na mwenyewe inaweza kurushwa huku na huku kama mpira kati ya ruta hizo hadi ichoke. Mimi mwenyewe seva zangu ziko kwenye /120 zenye anwani nilizoziandika kwa mkono, na ninalala usingizi.

Kuna pia DHCPv6, ambayo humpa mteja anwani nzima ya biti 128 bila kumtaka atunge kitambulisho chochote. Kwa hiyo maabara na ofisi zingeweza kabisa kukaa kwenye /66, mradi ruta iendelee kutoa matangazo yenye alama M, inayoviambia vifaa viombe anwani kwa DHCPv6, kwa kuwa katika IPv6 njia kuu ya kutokea hutoka kwenye tangazo la ruta, haitoki DHCPv6. Sehemu inayokwama ni bweni na wageni, kwa sababu simu za Android haziombi anwani kwa DHCPv6. Kiambishi kikitangazwa kwa urefu mwingine, simu hizo zitabaki na fe80 hata ukae mwaka mzima.

Kwa uaminifu niseme pia kwamba ninaumia kuona anwani 18,446,744,073,709,551,616 zikitengwa kwa chumba chenye kompyuta 40. Kama kungekuwa na njia ya kuupunguza urefu huu kwa makubaliano ya wote, ningeiunga mkono, na mapendekezo ya namna hiyo yamekwisha kupelekwa kwa waandishi wa viwango zaidi ya mara moja, ingawa 64 bado haijaondolewa.

Dada wa Nzega

Kaka Msimamizi, maumivu yako ninayaelewa, lakini naomba tuzitazame hizo biti zinafanya kazi gani, maana tukiziita nafasi iliyopotea tutakuwa hatujazitendea haki.

Siku hizi kifaa kizuri hakitumii tena MAC kutunga kitambulisho. RFC 7217 ya mwaka 2014 inakitaka kitunge namba inayoonekana kama ya bahati nasibu, kwa kuchanganya kiambishi, jina la kiolesura na siri iliyomo ndani ya kifaa chenyewe, ili anwani ibaki ile ile kila kinaporudi kwenye mtandao huo lakini iwe nyingine kabisa kinapohamia mtandao mwingine. RFC 8064 ya mwaka 2017 ikafanya njia hiyo kuwa ndiyo inayopendekezwa. Namba ya namna hii inahitaji uwanja mpana. Chukua bweni la Mwalimu likiwa na vifaa 300. Kitambulisho kikiwa na biti 16 tu, uwezekano wa vifaa viwili kuokota namba moja ni karibu nusu kwa nusu. Kikiwa na biti 64, uwezekano huo ni mmoja katika trilioni mia nne hivi. Ni kweli kwamba kila kifaa huuliza kwanza kwenye waya kama anwani ina mwenyewe kabla ya kuitumia, na kikigundua mgongano hutunga nyingine, lakini mtandao unaotegemea kugongana na kurudia ni mtandao wa mashaka. Nikiri hata hivyo kwamba kwa biti 48 mgongano ungekuwa mmoja katika bilioni sita hivi, kwa hiyo hoja ya migongano peke yake haiikatai /80 ya Mwalimu. Kinachoikataa ni kile alichokieleza Fundi, kwamba vifaa havijakubaliana hivyo.

Kuna na usalama. Mtu wa nje anayetuma pakiti 1,000 kwa sekunde humaliza kuikagua /112 nzima kwa sekunde 66. Hata angetuma milioni moja kwa sekunde, /64 ingemchukua zaidi ya miaka 580,000. Sasa angalia jinsi nafasi hiyo inavyoweza kupotea yenyewe: kompyuta 40 za maabara, kama zilinunuliwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mtengenezaji mmoja, zina biti 24 za mwanzo za MAC zinazofanana, na ile fffe ya katikati inajulikana na kila mtu. Zikitumia kitambulisho cha mtindo wa zamani, kinachobaki kukisiwa ni biti 24 za mwisho, yaani namba 16,777,216, ambazo yule yule wa pakiti 1,000 kwa sekunde huzimaliza chini ya saa tano. Mwalimu, hapa ndipo penye uchaguzi ulio mikononi mwako. Urefu wa kitambulisho hukuchagua wewe, ila namna kinavyotungwa unaweza kuichagua, na ninakusihi uhakikishe hakuna mashine ya maabara inayotangaza MAC yake ndani ya anwani.

Neno moja la tahadhari kwa upande wa pili. Upana huo huo unaweza kuiumiza ruta, kwa kuwa mtu akizipiga anwani zisizokuwepo kwa kasi, ruta hujaza jedwali lake la majirani kwa kuuliza vifaa ambavyo havipo. RFC 6583 ya mwaka 2012 inalieleza tatizo hilo. Weka ukomo wa maingizo ambayo hayajajibiwa kama ruta yako inaruhusu, na ngome ya mtandao izuie miunganisho inayoanzishwa kutoka nje.

Msimamizi wa Seva (Tabora)

Dada, hesabu ya saa tano imenigusa. Nimeziangalia seva zangu leo mchana na mbili zilikuwa na fffe. Nimezibadilisha.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Ndugu zangu, ninarudi na mrejesho. Nilimwandikia mtoa huduma barua pepe nikimweleza VLAN zetu nne na kile ambacho Fundi amekisema kuhusu RFC 6177, na baada ya siku chache akaturuhusu kuomba /56 kwa njia ya ruta yenyewe, kupitia DHCPv6 ya kukabidhiana viambishi. Tumepata 2001:db8:40:700::/56. Nimewapa maabara 710, ofisi 720, bweni 730 na wageni 740, nikiacha mapengo katikati, kwa sababu karakana ya useremala nayo imeanza kuulizia.

Simu za bwenini zilipata anwani ndani ya sekunde chache, kabla sijamaliza kushuka ngazi. Kompyuta ile ya kwanza ya maabara sasa ina 2001:db8:40:710:9c3e:51d7:2a08:f46b, haina fffe, na nimeipitia maabara nzima mashine kwa mashine. Kumi na moja zilikuwa bado zinatumia MAC, nami nimezirekebisha.

Limebaki moja. Juzi umeme ulikatika, na uliporudi ruta ikapewa /56 nyingine tofauti na ya kwanza. Kompyuta ambazo zilikuwa kwenye betri hazikuzimika, kwa hiyo zikawa na anwani mbili, ya zamani na mpya, na tovuti nyingi zikawa zinasubirisha kwa muda mrefu kabla ya kufunguka. Mashine ya mhasibu ilitulia tu pale nilipouchomoa waya na kuurudisha. Je, hili nalo linahusiana na kitambulisho?

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Mwalimu, hilo halihusiani na kitambulisho. Linatokana na umri wa kiambishi. Tangazo la ruta hubeba muda ambao anwani itapendelewa na muda ambao itakuwa halali, na kwa kawaida ni siku 7 na siku 30. Ruta yako ilipowaka upya haikukumbuka kiambishi cha zamani, kwa hiyo haikuwaambia wateja wake kwamba kimekufa, nao wakaendelea kukitumia. RFC 8978 ya mwaka 2021 inalieleza tatizo hili, na RFC 9096 ya mwaka huo huo inashauri ruta ya mteja itangaze sekunde 2,700 za kupendelewa na sekunde 5,400 za uhalali, ambazo ni dakika 45 na dakika 90. Inashauri pia ruta ihifadhi kumbukumbu ya kiambishi ilichokuwa ikikitangaza, ili ikipewa kingine itangaze kile cha kwanza kwa muda wa kupendelewa wa sifuri. Angalia kama programu ya ruta yako ina uwezo huo. Ila muombe pia mtoa huduma akupe /56 isiyobadilika, maana kwa chuo kiambishi kinachobadilika kila umeme unapokatika ni usumbufu usio na faida kwa yeyote.

Kwa vitu vya ndani kama printa na seva ya mitihani, usivitegemeze kwenye anwani za mtoa huduma hata kidogo. RFC 4193 inakupa anwani za kienyeji zinazoanza na fd: unatunga biti 40 za bahati nasibu, unapata /48 yako mwenyewe, kisha unaigawa kwa /64 kama ulivyofanya sasa. Tumia namba zile zile za 710 hadi 740 ili usichanganyikiwe.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Nimefanya hivyo, Fundi, na ninakushukuru sana. Ruta sasa inatangaza 2,700 na 5,400, na ombi la /56 ya kudumu nimelipeleka jana. Printa ya ofisi imehamia fd5c:91e2:7b40:720::/64. Umeme ulikatika tena leo asubuhi kwa dakika ishirini hivi, na uliporudi mhasibu alichapisha hati za mishahara bila kuniita.